Mfupa wa Bawa na Gambuti la Ouma

Turkana Kaskazini
Jumapili ya pili ya Novemba, mwezi wa nane tangu nitoke Ndhiwa

Robi, mama Akinyi,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana siku hizi sijui kama unapata hata nafasi ya kuketi. Hujambo wewe? Kifua cha Akinyi kimepoa? Mama ameanza kula? Mimi nipo. Siumwi. Nakula, nalala, naamka, naenda kazini. Na moyo, ukiniuliza? Ni kama mguu uliokufa ganzi: unajua ni wako, lakini hausikii kitu.

Kambini hakuna mtandao, na jambo hili sitaki kulisema kwa simu mama akiwa kando yako. Mpishi wetu anakwenda likizo kwao Kosele, atakuletea barua mkononi. Mpe chai, ni mtu mwema ingawa anasema sana.

Picha ya gambuti la Ouma uliyonitumia niliipata tulipokwenda Lodwar kununua dizeli. Niliitazama mpaka simu ikazima. Nilisoma pia uliyoandika, kwamba baba mdogo anataka kukata yago, mama amekataa, na wote wananingoja mimi kwa sababu Ouma ni mdogo wangu. Ukaniuliza watu wazima wanawezaje kulilia tunda. Huna makosa, kwenu Ukuria hamna desturi hiyo. Kwetu mtu akipotelea majini au ardhini asipatikane, tunda la yago, lile refu na zito, hufungwa shuka, hulazwa ndani ya jeneza na kuzikwa mahali pake. Hapo anahesabiwa amelala nyumbani. Bila hivyo Atieno mkewe Ouma atabaki si mke wala si mjane. Lakini kumzikia yago mtu aliye hai ni kumfukuza bomani kwake, na hilo ndilo linalomtisha mama. Anasema Ouma hakuwa ndani ya lile shimo la dhahabu lilipoporomoka, alivuka kwenda Tanzania, na gambuti walilochimbua alikuwa amemwazima mtu.

Kiraka cha kwenye gambuti nakijua. Nilikibandika mimi, kile chekundu cha tyubu ya baiskeli. Lakini kiraka kinasema gambuti ni la nani. Hakisemi ni mguu wa nani uliokuwa ndani.

Sasa nikueleze kazi ya huku, utaona kwa nini naieleza.

Tunatambaa kwenye mawe kwa magoti, jua liko mgongoni, tunatafuta vipande vya mifupa ya wanyama wa zamani sana, kabla mtu yeyote hajakuwako. Wengine walikuwa jamii ya watambaao lakini wanaruka, bawa lao ni ngozi iliyoshikwa na kidole kimoja kirefu kupita mwili wao. Mzima hapatikani. Unapata kipande kama ukucha. Mwanzoni nilikuwa navitupa, nikidhani ni vijiti vya matete, maana viko wazi ndani na ukuta wake ni mwembamba kama ganda la yai. Mfupa wa mamba ni mnene, gamba la kobe ni kama kigae, hayo unajifunza upesi. Shida ni ndege.

Mwezi uliopita niliokota kipande chembamba, kirefu kama kidole changu. Nikampelekea Daktari, mama Mkamba anayetuongoza, nikamwambia nimepata anayeruka. Mpishi akachungulia, akasema huyo ni kuku wa babu yake, na hata supu hatoi. Watu wakacheka. Daktari hakucheka. Alisema, "Wembamba hautoshi. Ndege naye ni mwembamba. Niletee kitu ambacho ndege hana."

Nikarudi palepale nikachekecha mchanga siku tatu. Nikapata kichwa cha mfupa uleule, mahali pa kuvunjika pakalingana. Kilikuwa kiungo cha duara chenye mfereji katikati, kama lile gurudumu la kisimani linalopitisha kamba. Hapo ndipo kile kidole kirefu kilikuwa kinakunjwa bawa likifungwa. Daktari akakigeuza sana, akasema ndiyo, ndege hana hiki. Nikamuuliza ni wa aina gani, anaitwaje. Akaniambia, "Hapo mfupa umenyamaza. Na mimi nanyamaza."

Tangu nione picha yako maneno yale hayaniachi.

Robi, gambuti la kwenye picha ni la kushoto. Unakumbuka Ouma alijikata vidole viwili vya mguu wa kushoto kwa panga, alipokuwa anakata miwa Awendo. Tangu hapo alikuwa anasokomeza kitambaa kwenye ncha ya gambuti ili mguu usicheze. Mtu mwenye vidole vyote hawezi kulivaa bila kukitoa kwanza. Umeniandikia kwamba limejaa matope makavu na mama amelitundika ghalani, hataki lioshwe. Usilioshe. Usifanye kwa siri pia. Mwite mama mkae naye, umwambie nimekutuma mimi, kisha uingize mkono mpaka kwenye ncha.

Kitambaa kisipokuwepo, usimwambie mama kwamba Ouma yuko hai. Mwambie tu kwamba gambuti limenyamaza, baba mdogo asubiri. Kikiwepo, ni yeye. Usibishane na mama, mwachie akishike.

Msalimie mama, mwambie namsikia hata asiposema. Msalimie baba mdogo, asichoke na sisi. Atieno mpe mkono tu. Mbusu Akinyi.

Alhamisi tutakuwa Lodwar, nitafungua simu. Usipopata kitambaa, niandikie "bado", na nitakuja Desemba kambi ikifungwa. Ukikipata, niandikie "njoo". Daktari ameshaniruhusu. Baba mdogo asikate yago kabla sijafika, nataka kulibeba mimi. Ukiniambia nije, Jumamosi nitakuwa nyumbani.

Ni mimi mume wako,
Okelo