Karai la Kifaru

Alhamisi. Hapa Nyarugusu, machimboni Geita, jua limewaka tangu asubuhi na vumbi limetanda mpaka kwenye nguo nilizoanika. Sina raha. Nimekaa mlangoni na cherehani yangu, gauni la mteja liko mapajani, na sijashona hata mshono mmoja.

Kosa ni langu. Nalisema mapema nisije nikaanza kuzungukazunguka.

Kifaru ni mbwa wetu, ana miezi minne. Mama alinipa nilipokwenda Kishapu kumsalimia. Kule mbwa wa nyumbani wanatembea na ng'ombe, wana kazi, wana akili. Huyu nilimbeba kwenye kikapu na akanikojolea kanga kabla basi halijafika Shinyanga mjini. Jina alimpa Neema, binti yangu wa miaka sita, siku mbwa huyu alipoangusha ndoo mbili za maji na meza ya nyanya ya jirani kabla hata ya chai.

Shule ya mbwa huku hakuna, na hata ingekuwepo ningechekwa. Nikajifundishia kwenye simu. Kuna jamaa mmoja anaongea na mbwa kwa upole kama anaongea na mkwewe, mbwa anakaa, anapewa biskuti. Mimi nilisema "kaa" mpaka koo likakauka, Kifaru akatafuna kandambili yangu. Ukimwita jina anakutazama, anapiga miayo, anaendelea kuchimba. Mara mbili nilimchapa na ufagio, nikashinda siku nzima najichukia.

Kitu kimoja tu alikishika. Wakati wa chakula nilikuwa nagonga karai letu kuukuu kwa mwiko, ko ko ko, namwekea ugali na vichwa vya dagaa. Popote alipo anakuja mbio, masikio yamelala. Nikajiona mjanja kweli! Nikawa namwita hivyo kwa kila jambo. Nikajisifu hata kwa mume wangu kwenye simu, huko aliko kwenye machimbo mapya.

Sasa mtu unayeishi hapa, unamzoeza mbwa sauti ya karai, huna masikio?

Nyuma ya nyumba yetu kuna karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Pembeni yake kuna shimo la maji, akina mama wanaosha mchanga uliosagwa. Wanaoshea kwenye karai. Kila anayemaliza anagonga karai lake kwenye jiwe ili tope litoke. Ko ko ko, asubuhi mpaka jioni. Na maji yale yana zebaki, kila mtu anajua, hata bata hatufugi tena upande huu.

Mayu wane, mama yangu wee, nilimfundisha mbwa kukimbilia sumu.

Mama Kulwa, anayesimamia pale shimoni, alinivumilia wiki mbili. Kifaru anaingia, anakunywa, anatawanya mchanga wa watu. Jumatatu akaja mwenyewe. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kunitazama. "Mama Neema, vijana wa karasha wamemchoka. Siku moja utamkuta amepigwa chuma, usije ukanililia."

Tangu hapo nimehangaika. Karai nimelificha uvunguni. Nimejaribu mluzi, mimi ambaye mama alinikataza mluzi tangu mdogo kwa kuwa si tabia ya mwanamke. Wapita njia wanageuka, mbwa hageuki. Jana aligeuka mara moja. Alisimama penye mwanya wa uzio akanitazama, nikapiga tena, nikasema Mungu wangu, ameelewa. Mara huko nyuma ikalia ko ko ko, akaenda zake.

Leo saa nne alikwenda tena, na Neema, kwa kuwa shule wamefunga, akamfuata. Nilimkuta ndani ya maji, peku, tope limemfika magotini, amemshika Kifaru mkia, anacheka. Nimemwosha miguu kwa sabuni mara tatu, kisha nikamwosha tena. Na nilimpiga kofi. Mtoto kapigwa kwa kosa la mama yake, acha niliandike hivyo hivyo.

Basi nikampigia kaka yangu wa Kishapu. Kwa bahati yuko Kahama, alileta ng'ombe mnadani. Nikamwambia aje na pikipiki amrudishe Kifaru kwa mama, mbali na makarai. Neema nikamtuma kwa shangazi yake. Sikumwambia kwa nini, niliogopa macho yake.

Kaka alipofika Kifaru alikuwa shimoni. Nikaita jina, wapi. Nikapiga mluzi, wapi.

"Mwite basi anavyojua," kaka akasema.

Nikalitoa karai uvunguni. Nikagonga mara tatu. Wale akina mama nao walikuwa wanagonga ya kwao, lakini aliyapita yote, akaja moja kwa moja kwangu, masikio yamelala. Akakaa. Sikumwambia kaa, alikaa mwenyewe, ananitazama usoni.

Karai lilikuwa tupu. Kaka akamfunga kamba.

Neema anarudi saa kumi na mbili. Nitaanzia wapi?