Kidude Changu cha Muziki Kiko kwa Wifi

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie kabla sijamrushia mtu simu usoni, maana maji yamenifika shingoni. Mimi ni mwoka mikate, mwaka wa tisa huu, na kengele ya tanuri letu iliharibika zamani, bosi kila siku anasema ataitengeneza, basi nikajipangia nyimbo sita kwenye kidude changu cha kusikilizia muziki tu, nikishaingiza trei nabonyeza, wimbo wa sita ukiisha mkate umeiva, sijawahi kuunguza hata mmoja, lakini mwezi uliopita mume wangu akaniletea simu kubwa, akasema, "Acha ushamba, mke wangu, humu kuna kila kitu," na kidude changu akampa dada yake bila kuniuliza, nikanyamaza nisionekane sina shukrani. Sasa kila nikiwasha nyimbo kwenye simu hiyo, mume wangu anapiga, mara soksi ziko wapi, mara chumvi iko wapi, mara niko wapi na anajua fika niko kazini, nyimbo zinakatika sijui tena nimefika ya ngapi, na juzi nilipomaliza kuongea naye mikate mia na ishirini ilikuwa mkaa mtupu. Bosi amenipa onyo la mwisho. Mume wangu anasema, "Simu haina kosa, kichwa chako ndicho kizito." Nina hasira. Je, nivumilie?

Mwoka Mikate

*

Uvumilie nini, dada? Pole kwa yaliyokukuta, ila nimesoma barua yako mara mbili na zote mbili nimekasirika. Huyo bwana hakukununulia muziki. Alitaka akupate saa yoyote anayotaka. Mtu mzima haoni chumvi jikoni kwake, halafu kichwa kizito kiwe chako! Na kugawa kitu cha mwenzako bila ruhusa si zawadi, ni dharau.

Lakini nawe usijifanye malaika. Uliona kidude kinaondoka ukafunga mdomo. Na simu ikilia katikati ya kazi, nani alikulazimisha kupokea?

Leo ukitoka kazini usipitie nyumbani. Nenda kwa wifi yako, umwombe kidude chako kwa adabu, yeye hana kosa. Kesho mdai bosi kengele yake, kwa maandishi. Simu izimwe, ikae kabatini mpaka zamu iishe. Bwana akifoka kwamba hupatikani, usipandishe sauti. Mwambie siku ukifukuzwa utapatikana kutwa nzima, mmekaa mnaangaliana, na hakuna cha kupika.