Mtani Alipokuja na Futi Wodini

Jumamosi. Mikumi. Mvua imenyesha asubuhi, jua likawaka mchana, sasa barabara inatoa mvuke na mimi nimekaa kwenye duka la intaneti nikiwa bado na sare ya kazi. Mwenye duka anauza vocha, mashati ya mitumba na nusu saa za kompyuta, na ameshaniambia anafunga mapema. Basi nitaandika haraka. Nisipoandika leo nitapasuka.

Nina furaha. Naona aibu kidogo kuisema, kwa sababu habari yenyewe ni ya kifo. Lakini nina furaha kama siku niliyopata matokeo ya chuo.

Nianze na kukiri. Mimi ni nesi wa chumba cha wagonjwa mahututi, vitanda vinne, mashine ya kupumulia moja. Kwa miaka tisa nimekuwa nikiuliza swali moja kwa wakati mbaya. Swali lenyewe: moyo wa mgonjwa wetu ukisimama, tumbonyeze kifua mpaka urudi, au tumwache apumzike? Kwa mgonjwa wa kupona, hatuulizi, tunabonyeza. Lakini kuna ambao moyo umechoka kabisa, na kubonyeza ni kuvunja mbavu ili mtu apate saa chache za kulala na mpira kooni. Hao ndio wa kuulizwa. Na sisi huwa tunawauliza ndugu, kwenye korido, mgonjwa akiwa hajitambui, mwenzangu akiwa tayari amepanda kitandani anabonyeza.

Kuna baba mmoja kutoka Mvumi nilimuuliza hivyo kuhusu mke wake. Alinitazama, akanishika mkono, akasema, "Sista, mbona hukuniuliza jana? Jana alikuwa anakunywa uji."

Sijalisahau. Nikipika nalisikia.

Sasa Jumanne walikuja wageni kutoka Mamboya na mzee wao, Mzee Yoeli, Mkaguru, mwalimu mstaafu. Moyo umetanuka, mapafu yanajaa maji, anaongea maneno matatu halafu anavuta hewa ya oksijeni. Akili yake nzima kabisa. Daktari wetu, kijana aliyehamia kutoka Dar mwaka huu, alituambia wazi kwamba ni suala la siku, na kwamba mzee mwenyewe aulizwe angali anaweza kujibu. Mtoto wake wa kwanza, kaka Elieza, akakataa. Alisema kumtajia baba mambo hayo ni kumchimbia kaburi akiwa anaona. Fanyeni kila kitu, ndilo neno lake, asubuhi na jioni.

Daktari akaniachia mimi nitafute njia, eti mimi ni mwenyeji. Mwenyeji gani! Mara tatu nilikwenda kitandani na lile swali mdomoni. Shikamoo babu. Marahaba mjukuu wangu. Halafu? Baada ya marahaba ya mzee wa umri ule unawezaje kuongeza, samahani, ukifa tufanyeje? Mara tatu nikaishia kunyoosha shuka. Mara ya tatu shuka ilikuwa imenyooka tayari.

Alhamisi nikiwa naosha vikombe ndipo wazo likanijia.

Nilikumbuka tulipomzika babu yangu. Sisi ni Wasagara. Watani wetu Wanyamwezi waliingia kaburini, wakalala chali, wakakataa kutoka mpaka wapewe jogoo. Waliigiza babu alivyokuwa akikohoa, wakamtukana ubahili wake, na bibi, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameganda kama gogo, akacheka mpaka akalia. Walisema yote ambayo sisi watoto wa marehemu tusingethubutu, na hakuna aliyewakasirikia, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Nikasimama na kikombe mkononi. Kumbe tunaye mtu mwenye ruhusa ya kutaja kifo mbele ya yeyote, lakini tunamwita siku ya kuzika. Na hapo pia tumechelewa!

Nikamfuata Elieza, nikamuuliza mtani wa baba yake ni nani. Akashangaa, lakini akajibu. Mzee Maganga, Mnyamwezi wa Munisagara. Babu yake aliletwa kukata mkonge enzi za wakoloni, na ukoo haukurudi tena Tabora. Yeye mwenyewe ananunua mahindi vijijini tangu biashara hiyo iachiwe watu binafsi, na kwa miaka mingi amekuwa akifikia kwa Mzee Yoeli kila akipanda Mamboya. Nikamwambia Elieza wazi ninachokitaka. Akasema yeye hatauliza na hataruhusu nesi aulize, ila mtani akija kumwona mgonjwa hana uwezo wa kumfunga mdomo. Akanipa namba ya simu mwenyewe. Daktari nilipomweleza alicheka, kisha akasema jaribu.

Leo saa sita Mzee Maganga akafika, mfupi, viatu vina tope hadi kwenye kamba. Nilimwamkia, nikamweleza swali lote pale mlangoni. Aliitikia tu kwa kichwa. Akaingia wodini bila kumsalimu mgonjwa, akatoa mfukoni futi ya fundi seremala, ile ya chuma inayojikunja yenyewe, akaanza kumpima Mzee Yoeli kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu.

Daktari alikakamaa. Elieza akageukia dirishani. Mimi nilijua nimefukuzwa kazi.

"Mkaguru," Maganga akasema, "mbao za mninga zimeadimika. Niambie mapema, nikate za urefu gani?"

Mzee Yoeli alifumbua macho. Mabega yakaanza kutikisika na mimi nikakimbilia kitufe cha oksijeni, nikidhani ndiyo basi. Kumbe anacheka! Tangu Jumanne sikuwa nimeyaona meno yake. Akasogeza ile barakoa pembeni, akamjibu kwamba akate ndefu, yeye hataki kuzikwa amekunja magoti kama Mnyamwezi aliyechoka na mzigo.

Walitaniana hivyo kwa muda, mmoja kwa maneno mengi, mwingine kwa maneno mawili mawili. Kisha Maganga akakunja futi, akakaa ukingoni mwa kitanda, ambapo ndugu hawaruhusiwi kukaa, na sikumwinua.

"Sasa sikiliza. Moyo wako umechoka. Ukilala, hawa watoto wanataka kukubonyeza kifua mpaka uamke, na mbavu zitavunjika. Wanaogopa kukuuliza. Mimi sikuogopi. Wakubonyeze au wakuache?"

Mzee alitazama dari. Nilihesabu pumzi zake bila kujua ninahesabu.

"Damari yuko njiani," akasema. Damari ni kitinda mimba wake, amepanda basi Mwanza tangu jana. "Mpaka nimwone, nibonyezeni. Nikishamwona, mniache."

Hilo sikulitegemea hata kidogo! Miaka yote nimedhani jibu ni ndiyo au hapana. Kumbe mtu anaweza kusema ndiyo mpaka saa fulani, kisha hapana, na akaipanga saa yenyewe. Daktari akainama, akamuuliza tena polepole, kwa heshima, ili ahakikishe ameelewa mashine ni nini na kuachwa ni nini. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia amefundisha hesabu miaka thelathini na huwa harudii jibu. Daktari akaandika kwenye faili mbele yake.

Elieza alitoka nje. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, analia kama mtoto. Nilijiandaa kulaumiwa. Akasema, "Nilidhani nitalisema mimi, sista. Nilidhani siku hiyo ikifika, mimi ndiye nitakayesema aachwe." Na nikamwelewa mtu niliyekuwa nikimkasirikia tangu Jumanne. Ile "fanyeni kila kitu" haikuwa ukaidi. Ilikuwa woga wa kubaki na neno hilo maisha yake yote.

Kutoka hapo tulikuwa tunamsubiri Damari sote, wodi nzima. Kila basi lililopunguza mwendo barabarani, Elieza anasimama. Saa tisa mapigo ya moyo yakaanza kuruka, nikasogeza kile kiti kidogo ninachopandia ili niweze kubonyeza vizuri, nikakunja mikono ya sare. Ningebonyeza kwa nguvu zangu zote, kwa sababu mara hii nilijua ninabonyeza kwa ajili ya nini.

Haikuhitajika. Saa kumi na dakika chache Damari akaingia, begi bado begani. Mzee akamwekea mkono kichwani, akaongea naye Kikaguru, maneno mengi kuliko yote ya wiki nzima. Kisha akanitafuta kwa macho nyuma ya bega la binti yake, akainua kidole kimoja kuelekea kwenye faili.

Daktari akaandika saa. Mimi nikarudisha kile kiti ukutani.

Yuko hai ninavyoandika. Amelala, watoto wake wawili wamekaa huku na huku, na hakuna mtu anayeogopa mwenzake.

Mzee Maganga nilimsindikiza hadi barabarani. Pale kituoni akafungua futi yake, akanipima mimi pia, akasema Wasagara hamna hata urefu wa kumsumbua fundi. Nikacheka. Halafu akaniuliza kama mama yangu yuko hai, na kama anamfahamu mtani wake. Nikaacha kucheka.

Miaka tisa nauliza habari za wazazi wa watu. Wangu sijamuuliza kitu.

Mwenye duka amezima taa ya nje, ananitazama. Basi. Kesho nina mapumziko, nakwenda nyumbani Kilosa, na tumekubaliana Mzee Maganga atanisubiri stendi, futi mfukoni. Mama ni mzima kabisa, juzi kaniambia anapalilia mahindi mwenyewe.

Ndiyo maana naenda kesho.