Wanapima Mapazia ya Fleti Zisizo Zao

Mpendwa Shangazi Winfred,

Naomba unijibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu baada ya Ijumaa jibu lako halitanisaidia tena. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, naishi Riyadh, mtaa wa Al-Shumaisi, na mama yangu husikiliza kipindi chako kwenye simu akiwa jikoni kwa madam wake, kwa hiyo majina yote humu nimeyabadilisha, pamoja na langu. Niite Valary.

Tunaishi katika nyumba ya zamani ya udongo, yenye ua katikati na vyumba kuuzunguka, na mlango mkubwa wa mbao ambao mafundi waliokufa zamani waliuchora nyota na maua. Mwenye nyumba ni Abu Rakan, ambaye ndiye kafili wa baba yangu, yaani mwajiri aliyemdhamini kuishi nchi hii. Baba, nitamwita Protus, alianza kama dereva wake, na siku hizi ni msimamizi wa nyumba zake za kupanga, na ni kwa sababu ya hicho cheo kwenye ikama, kibali chake cha ukaazi, mimi na mama tuliruhusiwa kuja kuishi naye. Vyumba vingine vyote wanakaa Wakenya wenzetu, madereva, walinzi, na kina mama wanaofanya usafi maofisini.

Shuleni nafundishwa Kiarabu, na mwalimu wangu anasema nakiongea vizuri, na Shangazi, kuna siku natamani ningekuwa nimefeli. Watu wazima wa nyumba yetu wanajua yalla (twende), halas (imetosha) na mafi (hakuna), basi, hata baba anaelewa kidogo tu akisemeshwa polepole, kwa hiyo mkalimani wa nyumba nzima ni mimi. Nikitoka shule nawakuta mlangoni na simu zao, "Vale, nisomee hii meseji, ni benki ama ni mwizi?", na nawasomea, na sijawahi kukataa, kwa sababu nilifundishwa kwamba mkubwa akikutuma unaenda.

Shida ilianza Abu Rakan alipomleta mwanawe, Injinia Rakan, ambaye anaishi Jeddah na kazi yake ni kuchukua majumba ya kale ya kule, yale yenye madirisha ya mbao yaliyotokeza nje, na kuyageuza kuwa fleti za kisasa, halafu anaziuza moja moja, kila fleti na hati yake. Injinia alizunguka ua wetu akigonga kuta kwa vidole, kisha akasema nyumba imechakaa na haiwezi kubaki ilivyo, na mimi nikatafsiri hivyo hivyo, sikuongeza wala sikupunguza, na akaondoka.

Alipotoka tu, Vincent, ambaye ni dereva wa kampuni na ndiye anayejifanya chifu wa nyumba, akaita mkutano kwenye ua.

"Wasee, mmesikia wenyewe," akasema. "Bosi analia nyumba ni chafu. Sasa sisi ni Wakenya ama ni nini? Harambee, Ijumaa hii!"

"Hakusema chafu, Anko," nikamwambia. "Alisema imechakaa."

"Vale, wewe ni mtu wa vitabu. Ijumaa shika brashi."

Ijumaa ile baba alikuwa amempeleka Abu Rakan safarini, na hakukuwa na wa kuwazuia, kwa hiyo waliimba na kuchapa kazi tangu asubuhi, wakapiga kuta za udongo lipu ya simenti, na ule mlango wa nyota na maua wakaupaka rangi ya mafuta, Shangazi, kijani kama kibanda cha kutuma pesa kwa simu kule nyumbani, wakaurudia mara ya pili ili ung'ae. Baba aliporudi alisimama mbele ya mlango, halafu akakataa chakula.

Kesho yake Injinia akarudi bila taarifa. Aliweka mkono juu ya mlango, na alipoutoa ulikuwa kijani.

"Nani amefanya hivi?" akaniuliza.

"Anasema nini? Amefurahi?" Vincent akauliza. "Mwambie ni sisi. Mwambie ni zawadi."

"Mwambie ulikuwa hivyo tangu zamani," baba akasema haraka.

"Tangu zamani, na mkono wake umejaa rangi?" akacheka Mama Jael, ambaye anafanya usafi hospitalini na chumba chake kiko karibu na chetu. "Protus, hata kudanganya hujui."

Nilimweleza Injinia kwamba walifanya kwa moyo mzuri. Akajishika kichwa kwa ule mkono wa rangi, kitambaa chake cheupe kikachafuka, akasema mlango huo ndio aliotaka uwe kwenye ukumbi wa kuingilia ili wanunuzi wauone kwanza. Halafu nadhani alituhurumia, kwa sababu alitoa simu akatuonyesha picha za nyumba aliyoimaliza Jeddah, akasema hii yetu nayo itakuwa fleti kama zile. Na ile picha ndiyo iliyotuharibia.

"Wacha! Hii ni lifti?" Mama Jael akasema. "Vale, mwulize kama naweza kupata ya chini. Lifti naiogopa na magoti yangu hayataki ngazi."

"Mimi ya juu," Vincent akasema. "Nataka kuona Riyadh yote nikinywa chai."

Nilimwuliza Injinia, kwa sababu nilitumwa kuuliza. Hakucheka. Alimgeukia baba akamwambia kwa Kiarabu cha polepole, "Protus, hujawaambia?" Kisha akanieleza kwamba fleti zote ni za kuuza, kwamba wapangaji wanatakiwa wawe wametoka kabla ya likizo yetu ya shule, na kwamba baba peke yake ndiye atakayebaki, atapewa chumba cha mlinzi chini ya jengo jipya, na hayo yote baba aliyajua tangu zamani. Baba akaniambia kwa Kiswahili, akitabasamu ili Injinia asishtuke, "Vale, waambie wanatoka kidogo nyumba itengenezwe, halafu watarudi. Sema hivyo hivyo."

Watu wote walikuwa wananiangalia mdomoni. Sikuweza kusema watarudi, na sikuweza kusema hawarudi baba akiwa amesimama pale, kwa hiyo nikamwomba Injinia aje siku nyingine aeleze mwenyewe, akakubali Ijumaa, nami nikageuka nikasema, "Injinia anasema atakuja Ijumaa kueleza kila kitu." Nilichosema kilikuwa kweli. Wakapiga makofi.

Tangu siku hiyo sina raha. Nilimwuliza baba kwa nini, akasema, "Hapa tuko kwa watu. Abu Rakan amenipa sharti moja, watoke bila kelele. Wakijua hawarudi watapiga kelele, na kelele ikimfikia, ninaondoka mimi, na nikiondoka mimi, na wewe na mtihani wako mnaondoka. Unataka hivyo?" Mtihani wangu wa kumaliza ni mwaka huu, na nataka kusomea udaktari wa watoto, na baba anajua. Nilimwuliza mama, akasema, "Mimi nilikuwa jikoni kwa watu, sijui kitu, uliza baba yako," na baba nikimwuliza tena anasema niulize mama, na huku Mama Jael ndiye aliyemuuguza mama mwaka jana alipolazwa, akimletea uji kila siku kabla ya kwenda kazini.

Na wao wenyewe, Shangazi, wananichosha! Mama Jael amenunua mapazia ya rangi ya maziwa kwa ajili ya fleti ya chini, na anayapima kwa kutazama picha ya simu aliyotumiwa, ya nyumba iliyoko Jeddah. Vincent alitafutiwa chumba na rafiki yake kule Al-Murabba, kizuri tu, akakataa. "Nihame nini na fleti inakuja?" Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikaenda kufanya hesabu zangu.

Wakati mwingine nafikiri Injinia si mtu mbaya, maana siku ile alimletea Mama Jael kiti kwa mkono wake mwenyewe, na labda tukimwomba vizuri anaweza kuwaongezea muda. Wakati mwingine nafikiri Ijumaa nijifanye naumwa tumbo. Nimtii baba niseme watarudi, au niwaambie ukweli na kumponza baba yangu mzazi? Tafadhali nisaidie.

Wako mtiifu,
Valary, Riyadh


SHANGAZI WINFRED ANAJIBU

Valary mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka na ya pili nikisaga meno. Kwanza peleka ujumbe huu kwa Vincent: aweke brashi chini. Asiuguse tena huo mlango, asiusugue kwa msasa wala asiumwagie thina eti anarekebisha. Nyumba ambayo watu wanaitaka kwa sababu ni kongwe, ninyi mmeifanyia harambee ya kuifanya mpya. Nyoyo zenu ni nzuri, lakini mngemwuliza mwenye nyumba kabla ya kufungua mkebe.

Sasa tuje kwa baba yako. Hofu yake naijua, maana kuishi ukijua chakula cha watoto wako kinategemea furaha ya mtu mmoja si jambo dogo. Lakini hebu tazama anachokuomba. Baba yako hahitaji mkalimani kuongea na Jael. Wanaongea Kiswahili kimoja kila siku uani. Kama kweli angeamini kwamba wale watu watarudi, angewaambia mwenyewe wakinywa chai. Anakutaka wewe useme, tena mbele ya Injinia, ili uongo uonekane umetoka kwa Injinia. Siku uongo huo utakapojulikana, atasema Mwarabu alituhadaa, na wewe utabaki unajua. Huo si utii, mwanangu. Mzigo wake anakubebesha wewe.

Na wewe usijitulize eti ulichosema kilikuwa kweli. Ulijinunulia siku chache za kupumua, na siku hizo hizo Jael akaenda dukani kununua mapazia na Vincent akapoteza chumba. Sikulaumu sana, ulikuwa umesimama katikati ya wakubwa ambao wote walipaswa kukuonea haya. Lakini siku chache zilizobaki usizitumie vile.

Kujifanya mgonjwa sahau kabisa. Ukilala kitandani, baba yako atatafsiri kwa yalla na halas zake, na nyumba nzima itaanza kufunga virago ikiimba.

Fanya hivi. Leo, si kesho, subiri mama yako atoke kazini, kaeni watatu. Mama asiseme yuko jikoni. Mama Valary, kama unanisikia hapo ulipo, zima jiko unisikilize: aliyekuletea uji anastahili angalau kujua wapi atalala. Valary, mwambie baba yako kwa heshima, umekaa chini, bila kulia na bila kupaza sauti: "Baba, Ijumaa nitatafsiri anachosema Injinia, neno kwa neno. Watarudi sitasema, kwa sababu hakusema." Kisha umpe nafasi ya kuwaambia wapangaji yeye mwenyewe kabla ya hiyo Ijumaa. Hiyo ndiyo heshima kubwa unayoweza kumpa sasa.

Akikukumbusha sharti la bila kelele, mwulize swali hili. Nani hupiga kelele? Mtu aliyeambiwa mapema hupiga simu kwa rafiki, hupata chumba, huondoka na godoro lake akisalimia watu. Anayepiga kelele ni yule aliyeahidiwa kurudi, akarudi, akakuta mlinzi getini na jina lake halipo. Na huyo mlinzi, Protus, atakuwa ni wewe. Ukiwaficha leo, hiyo kelele unaiweka akiba, na itakukuta kwenye chumba chako kipya cha chini, ambako hutakuwa na pa kukimbilia.

Baba akigoma, Ijumaa simama pale, tafsiri kama ulivyofundishwa. Injinia akimaliza, mwulize kwa Kiarabu, kwa sauti ambayo wote wanasikia, kama hawa watu wanaweza kuongezewa muda hadi wapate vyumba. Hapo tumaini lako lina kazi. Mtu aliyebeba kiti kwa ajili ya magoti ya mama asiyemfahamu anaweza kuombwa. Anaweza pia kukataa, na akikataa, tafsiri na kukataa kwake. Kama kuna mpangaji mwenye mkataba wa kupanga, autafutie mtu mzima anayejua mambo hayo ausome. Si kazi yako. Baada ya Ijumaa, watu wa nyumba yenu watafute mkalimani mwingine, hata akiwa mbaya, kwa sababu wewe una mtihani.

Vincent ampigie yule rafiki wa Al-Murabba leo hii, ajishushe, aulize kama chumba bado kipo. Jael asirudishe mapazia dukani. Atakapohamia pia patakuwa na dirisha, ila safari hii akalipime akiwa amesimama mbele yake.

Ninajua unaogopa. Inawezekana baba yako akakasirika, akakuuliza ni nani aliyekufundisha ukaidi wa kumpinga mzazi. Usijitetee, usilie, wala usimtaje mwalimu wako wa Kiarabu. Mwambie ni mimi, umpe namba ya studio. Nitakaa karibu na simu.