Mtani Hanuniwi

Mikumi,
10 Julai 1975

Kwa mtani wangu Damiano,

Salamu zikufikie hapo kijijini kwetu Ulaya, wewe, mkeo Verdiana na watoto. Mimi na wangu tu wazima wa mwili, ila nyumba ina msiba. Baba yangu, Jumbe, alifariki dunia tarehe 28 Juni. Tulimzika hapo nyumbani Ulaya siku hiyo hiyo, baada ya alasiri. Wewe, nasikia, ulikuwa Tabora kwa Wanyamwezi wenzako, mkisimuliana jinsi babu zenu walivyobeba mizigo yetu.

Wazee wetu wa Kisagara wameniita kikaoni. Wanasema Jumbe amezikwa kimya kama mpita njia, hapakuwa na mtani wa kumwigiza wala wa kuwachekesha wafiwa. Wameamua arobaini isisomwe bila wewe. Basi nakuita, Jumatano tarehe 6 Agosti.

Jambo moja tu. Jina langu liko Chamani. Nikiteuliwa, mwezi wa Oktoba nitagombea ubunge. Watakuwapo wakubwa kutoka Morogoro. Tania, lakini tania kwa kipimo. Darasani ulinishinda akili, sikatai. Mimi nilipata elimu, na leo unaona nani ameketi ofisini na nani anaziba pancha. Usinune, huo ni utani.

Mtani wako,
Mwinshehe


Ulaya,
19 Julai 1975

Mtumwa wangu Mwinshehe,

Barua imenikuta mzima, na Verdiana anakusalimu. Pole kwa msiba. Huku tunasema Jumbe amekufa kwa uvivu wa kupumua.

Umeandika kwamba mimi nilikuwa na akili na wewe ulipata elimu. Hukueleza jinsi tulivyogawana. Mwaka 1957 tulikuwa darasa la nne, na mtihani wa kwenda darasa la tano ulikuwa umekaribia. Mwalimu akapotelewa na bata wake. Manyoya yakaonekana ndani ya mfuko wangu wa vitabu. Nilichapwa mbele ya shule nzima, nikafukuzwa. Wewe, uliyekuwa nyuma yangu katika kila somo, ukafanya mtihani, ukaenda. Baba yako akasema barazani, "Mtoto wa watu wa kuja, wizi wamekuja nao."

Tangu siku ile mama yangu, Raheli, aliitwa mama wa mwizi. Akifika kisimani wanawake walifunika ndoo zao. Amekufa mwaka jana akiitwa hivyo. Nani alimla yule bata, Mwinshehe? Nilikuona na gunia. Nilisema, na hakuna aliyemsikiliza mtoto wa mpagazi mbele ya mtoto wa Jumbe.

Sikitaki cheo chako. Nataka jina la mama yangu lisafishwe mbele ya watu wale wale. Nitakuja. Nitavaa kanzu na kofia ya marehemu, kama desturi ilivyo, na nitasema kwa sauti yake. Nawe unajua kwamba mtani hanuniwi, wala hashitakiwi.

Mtani wako,
Damiano


Mikumi,
25 Julai 1975

Damiano mtani wangu,

Natumaini hujambo. Barua yako nimeisoma mara mbili na sikucheka hata mara moja.

Mambo ya bata ni ya utotoni. Niliwaomba wazee wamwite mtani mwingine, Mzee Hezekia wa Kimamba. Wamekataa; wanasema nyumba yenu ndiyo iliyowazika babu zetu. Basi nisikilize. Ipo nafasi ya ukarani hapa Mikumi, na neno likitoka kwangu hawatakuuliza cheti. Akili bila cheti ni baiskeli bila mnyororo: unakanyaga tu, huendi.

Ukikataa, kumbuka kwamba kibanda chako cha ufundi kimesimama hapo kwa ruhusa.

Mtani wako,
Mwinshehe


Ulaya,
30 Julai 1975

Mtumwa wangu,

Tu wazima. Baiskeli isiyo na mnyororo huteremka mlima vizuri sana. Nakuja. Waambie waianike kanzu ya marehemu.

Mtani wako,
Damiano


Mikumi,
10 Agosti 1975

Mtumwa wangu Damiano,

Hujambo? Mimi sijambo, tena sana.

Nakusifu kwa haki. Ulipotokea uani ndani ya kanzu ya baba, umeinamia fimbo, ukikohoa kikohozi chake, hata mimi nilishtuka. Ukaketi ukasema, "Mwinshehe mwanangu, huku ahera hakuna bata! Yule uliyemwiba kwa mwalimu paja lake lilikuwa tamu. Na manyoya ulifanya vyema kumtilia yule Mnyamwezi!" Watu wakaanguka kwa kicheko.

Ulitaraji nini? Kwamba nitaruka nikukabe shingo? Nilicheka kuliko wote. Nikasimama nikajibu, "Baba, umesahau kichwa! Kichwa nilikila peke yangu!" Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Mgeni mmoja wa Morogoro alinishika mkono akasema kiongozi anayestahimili utani wa namna ile ndiye anayefaa.

Hapo ndipo elimu inapoishinda akili. Akili yako ilikupeleka mahali ambapo ukweli hausadikiwi. Kila ulilosema siku ile ni utani, na litabaki utani. Raheli sasa ana jina jipya: mama wa mchekeshaji.

Mtani wako,
Mwinshehe


Ulaya,
31 Agosti 1975

Mtumwa wangu Mwinshehe,

Hatujambo sote. Nimechelewa kujibu kwa sababu napokea wageni.

Siku ile wewe ulikuwa uani pamoja na wanaume. Ndani, mama yako Bi Mwamvua alikuwa katika eda yake, na wanawake wa Ulaya wamemzunguka wakichambua mchele. Verdiana alikuwa mmoja wao. Ukuta wa udongo hauzuii sauti. Anasema wote walicheka isipokuwa mama yako. Jirani akamwambia, "Cheka, Bi Mwamvua, mtani huyo!"

Akajibu, "Nicheke nini? Yule bata nilimnyonyoa mimi. Manyoya aliyachukua mwanangu, nikadhani anakwenda kuyatupa. Nimenyamaza miaka yote hii kwa kumwogopa mume wangu. Sasa mume amekufa, nimwogope nani?"

Wakati huo huo wakakusikia wewe huko nje, ukijigamba kwamba kichwa ulikila peke yako. Mama yako akasema, "Haya, sikieni. Mwenyewe anakiri."

Tangu hapo wanawake wanakuja kwangu. Juzi walikuja na majembe wakapalilia kaburi la Raheli. Bi Costancia, aliyekuwa wa kwanza kufunika ndoo, alipiga magoti pale akamwomba radhi kwa jina lake. Habari imefika Tindiga kwa watu wa gulio. Mimi sikutoka kibandani kumweleza mtu.

Elimu imekufundisha kucheka mbele ya wanaume. Haikukufundisha kwamba wanawake nao wanapiga kura.

Mtani wako,
Damiano


Mikumi,
27 Septemba 1975

Kwa ndugu yangu Damiano,

Salamu kwako, kwa Verdiana na kwa watoto wote. Mimi afya yangu ni ya kusukuma siku.

Nimeteuliwa. Nimepewa alama ya nyumba, mwenzangu jembe. Jana nilihutubia hapo Ulaya, labda ulisikia. Nilipopanda jukwaani wanawake walianza kulia kama bata. Nikingoja, wananyamaza, nikifungua kinywa, wanaanza tena. Sikumaliza hotuba. Tindiga ilikuwa vivyo hivyo. Nimemsihi mama awaambie waache, amenigeuzia mgongo.

Ni wewe tu unayeweza kuliondoa jambo hili. Mtani akisema "nilitania", hakuna wa kumbishia. Njoo Kilosa kwenye mkutano wangu wa mwisho useme neno hilo moja. Nilikuwa mtoto, Damiano. Baba alisema nisipofaulu nisirudi nyumbani. Nilikosa, na ninajua kwamba nilikosa. Lakini kazi yangu ya Mikumi niliiacha ili nigombee, na amekwisha kupewa mtu mwingine. Kura zikinikataa, nitarudi Ulaya kulima mbele ya watu hao hao.

Nakuomba kwa jina la utani wetu.

Ndugu yako,
Mwinshehe


Ulaya,
5 Oktoba 1975

Kwa Mwinshehe,

Salamu zimefika. Sisi tu wazima.

Nikisema nilitania, wanawake wale watachukua majembe yao waende zao, na Raheli atarudi kuwa mama wa mwizi. Ulilijua hilo ulipoandika. Ungemzika mara ya pili ili upate kiti.

Niliwauliza wazee wenu mtani akitaka kuuvunja utani hufanya nini. Wakasema hawajapata kuliona jambo hilo. Nikawaambia wataliona. Kuanzia leo hakuna utani kati ya nyumba yangu na yako. Nikikuambia neno, ni neno.

Umeandika kwamba utarudi Ulaya kulima. Rudi bila hofu. Nitakuona unapita na jembe asubuhi, na sitakucheka. Kucheka ni kazi ya watani.

Mwana wa Raheli,
Damiano