Kitako cha Bega la Kushoto

Jumatano, 2 Julai
Risasi ishirini kabla ya chai. Kumi na nne ndani ya duara jeusi, sita zimetawanyika upande uleule wa kila siku. Shavu linauma. Kitako cha hii bunduki ya mashindano kilichongwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Kinundu cha kulazia shavu kiko upande usio wangu; mimi hulengea bega la kushoto. Tena kitako chenyewe ni kirefu, shingo nainyoosha mpaka inakakamaa. Na leo kimepasuka, ufa kutoka kwenye triga hadi skrubu ya nyuma.

Nikamwonyesha Afande, mkuu wa kituo chetu cha askari wa wanyamapori. Akasema mchagua jembe si mkulima. Methali hii naisikia mwaka wa tatu sasa. Yeye hajawahi kulala kifudifudi na mti unaomchoma taya.

Mchujo ni tarehe 26, Ngara. Timu ya kanda ina nafasi moja ya mwanamke. Miaka miwili imekwenda kwa Koletha wa kituo kingine. Nina miaka arobaini na mbili. Macho bado ninayo. Mwakani sijui.

Ijumaa, 4 Julai
Afande kakubali nibadilishe kitako. Sharti: bunduki haitoki ghalani. Yaani fundi ashone nguo bila kumwona mvaaji. Haya.

Sospeter, mwenzangu wa doria, kaleta kitako cha plastiki alichonunua Mwanza. Cheusi, kina skrubu za kupandisha na kushusha. Anakisifia kama mkwe. "Cha kisasa hiki, dada." Nimekijaribu. Chepesi mno, kinarukaruka. Jasho likitoka, shavu linateleza. Na kinundu chake, pamoja na usasa wote, hakigeuki kuja upande wangu. Nikamrudishia plastiki yake. Kanuna. Anune.

Nitakwenda kwa fundi wa mbao. Mti unajua joto la mtu.

Jumatatu, 7 Julai
Saba Saba, hakuna kazi. Nimefunga kitako kibovu kwenye gunia, nikapanda bodaboda hadi Nyamahanga kwa Mzee Rusaku. Anachonga mipini ya majembe, viti, na majeneza. Bunduki hajawahi. Shikamoo, marahaba, kisha akakigeuzageuza kile kitako na kukinusa.

Nusu saa tumebishana mti. Msindano: laini. Mkaratusi: utajipinda kabla sijafika barabarani. Alikuwa na gogo la mninga juu ya dari la jiko, miaka sita linakula moshi. Akaligonga. Likalia vizuri. Tukaafikiana.

Nikaomba karatasi, nikamwandikia kila kitu mbele yake kwa herufi kubwa. Ufupishe vidole vitatu. Bega la kushoto. Shavu la kushoto. Kasoma taratibu, kaniangalia, kasoma tena. Kasema njoo Jumamosi.

Jumamosi, 12 Julai
Hakijaguswa. Kuna msiba Bisibo, majeneza mawili, baba na mwanawe, ajali ya barabarani. "Hawa hawangoji, mwanangu." Nimerudi na hasira, kisha nikaona aibu ya kuwakasirikia marehemu.

Siku kumi na nne zimebaki.

Jumatano, 16 Julai
Nimepiga simu. Kesho.

Alhamisi, 17 Julai
Nimepiga simu. Kesho. Haraka haraka haina baraka, akaniongezea bila kuombwa. Nimekata simu kabla sijamtukana mzee wa watu.

Ijumaa, 18 Julai
Kimekamilika. Kizuri mpaka nikaona haya kukishika kwa mikono ya vumbi. Mninga mwekundu, umeng'aa, mistari yake imekwenda na mkunjo wa mkono. Kifupi vilevile nilivyotaka. Nimelipa bila kukijaribu begani, nimerudi mbio, nimekifunga kwenye bunduki palepale ghalani. Kimeingia bila hata kupigwa msasa. Nimekipeleka begani.

Kinundu kiko upande uleule. Uleule! Kama cha zamani. Mtu wa mkono wa kulia angelala juu yake usingizi mtamu.

Nimepiga kelele. Afande kaja mbio akidhani nimeumia. Alipoelewa akacheka hadi akashika mlango. Bahati yake bunduki haikuwa na risasi.

Herufi kubwa niliandika. KUSHOTO. Mara mbili.

Jumamosi, 19 Julai
Nimefika kwa Mzee Rusaku nikiwa na maneno niliyoyapanga njia nzima. Hata shikamoo nilikaribia kuisahau. Nikamwekea kitako juu ya meza, na karatasi aliyonirudishia nacho jana. Soma, mzee.

Akasoma. Hakushtuka. Akasema, kwa lafudhi yake inayogeuza L nyingi kuwa R, "Lakini nilikuona unaandika. Mkono wa kuria."

Nikautazama mkono wangu.

"Nikajua karamu imekosea. Mtu mzima, mama wa watu, atasemaje ni wa kushoto? Nikakusitiri."

Kanisitiri! Siku kumi na mbili, mninga wa miaka sita, na kanisitiri. Nilitaka kulia na kucheka, vyote kwa pamoja. Maana ni kweli, naandika kwa kulia, hata hapa. Darasa la pili mwalimu alinifunga mkono wa kushoto kwa kamba ya katani mpaka mwandiko ukahamia. Nyumbani bibi alinipiga kijiko nikila nao. Kitu kimoja tu hakuna aliyewahi kunifundisha kwa fimbo, nacho ni shabaha. Hiyo ilibaki ilipozaliwa.

Nikamweleza yote. Mara ya kwanza namweleza mtu. Mzee kafuta miwani kwa shati. Kasema pole. Akaongeza kuwa kwao mtoto wa hivyo walimpaka pilipili vidoleni.

Mninga mwingine mkavu hana. Akatoa shauri: akikate kinundu, akibandike upande wa pili kwa gundi. Nimekataa. Kiraka kitaachia siku ya mchujo, najijua na bahati yangu. Nikasema kiondoe kabisa. Pande zote sawa. Kisha unipime.

Sasa, kupimwa. Bunduki haipo, kipo kitako tu. Kanilaza kifudifudi uani kwake, juu ya maranda, nalenga banda la kuku kwa kipande cha mti kisicho na mtutu. Mke wake kaja, kasimama, kaondoka. Majirani wamekaa kwenye ukingo wa shamba la mihogo kutazama askari wa wanyamapori akiviziwa na jogoo. Mzee anapiga randa mara mbili, nalala, nasema bado. Anapiga tena. Mara ya kumi na moja shavu limeshuka lenyewe na jicho likakuta mstari. Sikusema kitu. Yeye kasema, "Hapo." Kajuaje?

Hivi ndivyo tungefanya tangu siku ya kwanza. Na mimi nikajifanya msomi, nikampa karatasi.

Jumanne, 22 Julai
Nimekipaka mafuta ya alizeti mara tatu. Leo ishirini. Kumi na tisa ndani.

Nimehesabu upya. Kumi na tisa.

Sospeter kaja kuchungulia shabaha, kahesabu matundu, kaondoka. Nina furaha na siiamini.

Ijumaa, 25 Julai
Basi la Ngara. Malori yamejipanga Lusahunga hadi hewa imekuwa dizeli. Bunduki iko kwenye gari la Afande chini ya kufuli, mimi nimekalia kiti cha juu ya tairi. Koletha kanitumia ujumbe: tukutane salama. Ana adabu, ndiyo maana hata kumchukia siwezi.

Jumamosi, 26 Julai
Koletha mia moja themanini na saba. Mimi mia moja themanini na sita.

Alama moja. Risasi ya kumi na tisa nilivuta triga kabla pumzi haijatulia. Nilijua tayari naongoza, nikaingiwa na pupa. Ikapata sita kati ya kumi. Nyingine zote zilikaa.

Afande kaniuliza mbele ya watu kama kitako ndicho kilichoniangusha. Jibu lilikuwa mdomoni, tamu kabisa, na wote wangeniamini. Nikasema hapana.

Nimelia chooni. Inatosha.

Jumapili, 27 Julai
Baada ya ibada nikaenda Nyamahanga. Sikuitwa. Mzee Rusaku alikuwa kakaa kwenye kivuli cha ukuta, hafanyi kazi Jumapili. Kaniona, kasimama. Nikamwambia nimeshindwa, kwa alama moja.

Akauliza polepole, mti ulijipinda?

Haukujipinda.

Ulikuuma shavu?

Haukuniuma.

"Basi kosa ra nani?"

Langu, mzee. Nilikuwa na pupa.

Akacheka mpaka akakohoa, akamwita mke wake aje asikie. Akasema ana miaka arobaini anachonga mipini, na ni leo kwa mara ya kwanza amepata mteja aliyekosa bila kuusingizia mpini. Mama akaleta ndizi za kuchoma na chai ya tangawizi. Tukala. Nikaondoka jua likiwa bado juu.