Mwaitu, Uliyenishika Mkono Hadi Kliniki

Mpendwa Mwaitu, mama yangu kwa Kikamba chenu,

Jana Mutheu, mjukuu uliyempa jina lako, kachomwa sindano ya pili ya surua, ile ya mwaka na nusu. Akalia kidogo tu, kisha akamwomba sista lile bomba la sindano akachezee. Nimeona nikuandikie, maana ungekuwepo ungeniuliza habari hizi kabla sijavua viatu.

Mara ya kwanza ulipokuja kwetu Sultan Hamud kutoka Kabati, kule Kitui, ulikuja na nusu gunia la ndengu na uso uliokunjwa. Mwanao Musyoka alikwenda Singida na lori kununua vitunguu, akarudi na mke Mtanzania. "Wasichana wa Kitui waliisha?" ulimuuliza, tena kwa Kiswahili, ili nami nisikie.

Ulinitazama siku mbili. Siku ya tatu ukauliza, "Na kitabu ya kliniki iko wapi?"

Sikuwa nacho, na mimba ilikuwa ya miezi mitano. Nikakueleza yote huku nalia: kwamba nilikwenda dispensari mara mbili, karani akataka namba ya kitambulisho, changu kikawa cha Tanzania, kompyuta ikakataa. "Kuja na bwana yako," akasema, na Musyoka yuko safarini wiki nzima. Nyuma yangu wanawake wakasema jambo kwa Kikamba wakacheka. Nikajua wananicheka mimi. Sikurudi tena.

Nilingoja unigombeze. Ulimaliza kuchambua ndengu zako, ukasema, "Kesho tunaenda na wewe."

Na kweli tulikwenda. Ulivuta kiti, ukakaa mbele ya karani kama mtu aliyekuja kuposa. "Huyu ni wangu," ulimwambia. "Kompyuta ikikataa, si uko na kalamu? Mimba haina paspoti." Foleni nzima ikacheka, na safari hii nilijua wanacheka nini. Karani akafungua daftari, akaandika jina langu kwa mkono. Nikatoka na kitabu.

Mimba ilipofika mwezi wa nane kichwa kilinipasuka na macho yakaanza kuona vimulimuli. Tulikwenda kliniki, nawe ulikuwa umetoka kidogo nilipoitwa ndani. "Naumwa sana," nikamwambia sista.

"Umeumwa? Na nini, nyoka?"

"Hapana, naumwa tu."

Akainama kutafuta jeraha mguuni. Ndipo ulipoingia. "Sista, kwao kuumwa ni kuwa mgonjwa. Ni kichwa na macho. Na hiyo miguu, angalia vile imefura. Mpime presha."

Alipousoma mtambo, uso wake ulibadilika. Siku ile ile nikapelekwa hospitali kubwa, miguu yangu mapajani mwako njia nzima, wewe ukiomba Mungu kwa Kikamba. Mutheu akatolewa kwa upasuaji, hajafikia uzito wa paketi ya unga. Daktari alituambia tungengoja hadi kesho yake, pengine asingetukuta hai, mimi na mtoto.

Baada ya hapo hukukosa kliniki hata moja. Kusoma hukujua, lakini ule mstari wa uzito kitabuni uliujua vizuri. "Inapanda?" "Inapanda, Mwaitu." Mwezi mmoja mstari uliposhuka, hukugusa chakula cha mchana. Ukanipikia uji wa wimbi mara tatu kwa siku ili maziwa yaje, nami nikanywa hata nilipokuwa sitaki.

Kuna jambo ambalo sikumwambia Musyoka hadi jana. Siku Mutheu alipochanjwa ile ya miezi tisa, sista, aliyekuita bibi kwa Kikamba, alikwambia, "Susu, leta mkono na wewe nikupime." Ukacheka. "Mimi nimesindikiza tu." Nami nikacheka. Mimi, niliyeokolewa na mtambo ule ule! Nikambeba mtoto mgongoni, tukapita sokoni kununua nyanya. Miezi minne baadaye ulianguka shambani kwako Kabati, na hukuamka. Walisema ni presha.

Wewe ulielewa maumivu yangu hata niliposhindwa kuyataja. Mimi nilikaa nawe benchi moja miezi yote ile, nisikuulize unalalaje, kichwa kinakuuma au la. Nisamehe, Mwaitu.

Jana sista aliniuliza, "Susu yuko wapi siku hizi?" Alikuwa amehamishwa kwa muda, hakuwa na habari. Nilipomwambia, aliweka kalamu chini, akanishika bega. Nikarudi nyumbani na kumweleza Musyoka kila kitu, nikingoja anilaumu. Akasema hata yeye alikuomba mara mbili mwende mkapime, ukamjibu kwamba mbuzi hawawezi kujipeleka kisimani. Tukacheka hadi tukalia, Mutheu akitushangaa.

Pumzika kwa amani, mama yangu wa ugenini. Kesho asubuhi nampeleka Musyoka naye akapimwe. Tangu jana anatafuta visingizio. Ni mwanao kweli.

Mkamwana wako,
Mama Mutheu